Kazi za Nyikani na Uokoaji: Kinachotakiwa Kabla ya Sare

Tangazo la kusajili makurutu wa wanyamapori au wa misitu likitoka tu, simu za ofisi yetu hapa Nakuru hazipoi. Swali ni lile lile: "Mwalimu, nikimbie kilomita ngapi kila asubuhi?" Wazazi nao huuliza kama binti yao mwembamba atapita. Sisi tunaofunza huduma ya kwanza na uokoaji nyikani hujibu upesi. Kimbia, kwa sababu siku ya usajili utakimbizwa, na wasichana huajiriwa kama wavulana. Kisha tunamuuliza aliyepiga: umewahi kukaa nusu saa ukimsikiliza mtu aliyechanganyikiwa bila kumkatiza? Wengi hucheka, wakidhani ni mzaha.

Chukua mfano wa mtu aliyepotea Menengai. Kreta ile ina upana wa kilomita 12 hivi. Ukisimama ukingoni unadhani unaona kila kitu. Ukishuka, mawe ya volkano na vichaka vinakuziba, na vijia vya mifugo vinaingiliana mpaka hujui ulipotokea. Tuseme vijana walishuka saa nane mchana, wakapanda jioni, mmoja hayupo. Taarifa inafika jua likizama. Anayeijua kazi hakimbilii kushuka. Anawaita wale wenzake mmoja mmoja, kando, kwa sababu wakiulizwa kwa pamoja mwenye sauti kubwa atasema na waliobaki wataitikia.

Anauliza nini? Nani alimwona mwisho, na alikuwa amesimama wapi hasa. Si mahali wanapodhani alielekea. Amevaa kiatu gani, na soli yake ina alama gani. Alibeba maji? Simu ilikuwa na chaji? Anatumia dawa za kisukari au kifafa? Halafu lile swali ambalo vijana hukwepa: mligombana? Mtu aliyeondoka kwa hasira huacha njia makusudi, na akiitwa huenda asiitike. Mtoto mdogo naye anaweza kujificha akisikia sauti za wageni zikiita jina lake gizani. Majibu haya ndiyo yanayoamua utafute upande gani na kwa namna gani. Bila hayo, watu hamsini wenye tochi watatembea usiku kucha upande usiofaa.

Baada ya hapo wawili au watatu wepesi hutumwa kupitia vijia vinavyoelekea kuwa ndivyo, wengine huwekwa kwenye njia za kutokea ili aliyepotea asipite bila kuonekana, na waliobaki husubiri. Inapigwa filimbi, kisha watu wananyamaza dakika nzima wakisikiliza. Kujipanga mstari na kuchana vichaka hatua kwa hatua, jambo ambalo runinga huonyesha kwanza, huwa la mwisho, kwa sababu ni la polepole, linahitaji watu wengi na linafuta nyayo. Helikopta husaidia mchana, lakini usiku wenye mawingu kazi hubaki ya mtu wa miguu. Na wanakijiji wakija kwa mamia wakiwa na nia njema, kibarua kikubwa cha kiongozi wa msako kinaweza kuwa kuwazuia wasiingie kabla ya kupangiwa.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo linalowachuja vijana wetu. Misuli inajengeka kwa miezi michache. Utulivu wa kuuliza na kuandika huchukua muda mrefu zaidi, na unaweza kuanza kuujenga leo hata kama huna ajira.

Doria nayo ni hivyo hivyo. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, anakuta tanzi la waya kwenye kijia cha swala, limefungwa kwenye mti mdogo usawa wa goti, na matawi yamepangwa kando ili mnyama asipate pengine pa kupita. Kurutu hulifungua papo hapo. Mzoefu husimama kwanza. Anatazama udongo, anapiga picha, anaandika saa na mahali, ndipo aliguse, tena huku akijua kwamba huenda yako mengine kwenye mstari huo na kwamba aliyelitega anaweza kurudi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali, lakini hakimu hahukumu kwa hasira ya askari. Atataka kujua nani alikichukua kielelezo, akamkabidhi nani, saa ngapi, na kilihifadhiwa wapi. Kesi ya ujangili inaweza kuangukia kwenye ukurasa mmoja wa daftari ulioachwa wazi. Ndiyo maana kijana anayejisifu kwamba "shule na mimi hatukuelewana" namwambia kazi hii ina kuandika kwingi kuliko anavyofikiria.

Tena kuna siku ambazo bunduki haina kazi yoyote. Kiboko ametoka Ziwa Naivasha usiku akamaliza shamba la mtu, au amemjeruhi mvuvi. Askari anafika akikuta familia yenye uchungu na majirani wenye hasira, na anatakiwa kueleza utaratibu wa fidia, kujaza fomu na kuondoka akiwa bado anaheshimika kijijini, kwa sababu kesho ni hao hao atakaowategemea wampe habari.

Magharibi mwa nchi kazi zina sura tofauti kabisa na zile za kwenye kalenda zenye simba. Saiwa, Trans Nzoia, ni hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 3 tu, na mnyama wake mkuu ni nzohe, yule swala wa majini ambaye wengi wanamjua kama sitatunga. Huko unajifunza kukaa kimya juu ya mnara wa mbao. Ruma, Homa Bay, ndiko pekee nchini walikobaki korongo, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma, na mbung'o watakukaribisha vilivyo. Msitu wa Kakamega umegawanywa: upande wa kaskazini, Buyangu, uko chini ya KWS, na ule wa Isecheno uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Huko vijana wa vijiji jirani wamejipatia kazi ya kuongoza wageni kwa kujua ndege kwa milio na miti kwa majina, ujuzi ambao wengi wao waliuanza kwa bibi na babu zao kabla ya kusomea popote.

Kuhusu waongozaji wageni, nina maoni makali kidogo. Mwongozaji bora ni yule anayeweza kukataa pesa. Katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, vijana saba wa kanisa walisombwa na maji mwezi Aprili 2012. Septemba 2019 watu saba wengine, akiwemo mwongozaji wao, wakafa hapo hapo kwa namna ile ile. Bonde ni jembamba, kuta ni ndefu, na mvua inayoleta maji hayo huenda ikawa inanyesha mbali, juu mlimani, huku ulipo wewe jua linawaka. Maji yanafika kwa dakika chache na hakuna pa kupandia. Anayesoma mawingu ya mbali na kusema "leo hatuingii," hata wageni wakinuna na kudai pesa zao, huyo ni mwokoaji ingawa hajashika kamba. Chama cha waongozaji wa kitaalamu, KPSGA, hutoa mitihani ya ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na anayetaka kazi hii aanze na ule wa shaba.

Sasa ziwani. Nasikitika kwamba vijana wa Kisumu, Siaya na Busia wakisikia "uokoaji" huwaza milima, ilhali ziwa ndilo linalochukua watu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likinukuu makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika Ziwa Victoria zima. Sababu moja ni saa za kazi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu inapanda na radi zinaanza, wakati ule ule wavuvi wa omena wako ndani na taa zao. Sheria ya mwaka 2018 iliunda Kikosi cha Ulinzi wa Pwani, ambacho majukumu yake yanafika hadi maziwa, na kila ufuo una BMU yake, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo. Hata hivyo, mara nyingi anayefika kwanza ni mvuvi mwenzake mwenye mashua karibu.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalofunza ufuoni ni kutoruka majini. Mfikie anayezama kwa kasia au mti mrefu ukiwa umelala kifudifudi. Ukishindwa, mrushie kitu: mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kamba, ukiwa na maji kidogo ndani ili upae vizuri, kifuniko kimekazwa. Ukishindwa tena, nenda na mashua. Kuogelea kumfuata ni kwa aliyefunzwa, kwa sababu anayezama humkumbatia mwokoaji na kumzamisha. Na usitarajie kelele. Mtu anayezama kwa kawaida hana pumzi ya kupiga kelele. Ufuo wenye vijana watano wanaojua haya una kikosi cha uokoaji, hata kabla ya serikali kuleta boti.

Vilevile si kila uokoaji unatokea porini. Bwawa la Solai lilipopasuka Mei 2018, na maji yalipoisomba Mai Mahiu alfajiri ya Aprili 29, 2024, waliochimba tope kwanza walikuwa majirani.

Njia za kuingia ni nyingi kuliko usajili. Askari wa KWS hufunzwa Manyani. Chuo cha Misitu cha Londiani, Kericho, kimekuwepo tangu 1957, na kozi za wanyamapori zipo Naivasha katika taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, WRTI. Anayependa uokoaji asipite Kakamega bila kuulizia Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, chenye kitivo kizima cha kukabiliana na majanga. Kwa maoni yangu ni hazina ambayo watu wa magharibi hawaitumii ipasavyo. Kama karo haipo, jiunge na Msalaba Mwekundu kama mtu wa kujitolea katika tawi la kaunti yako, usome huduma ya kwanza, au uingie chama cha jamii cha msitu ulio karibu nawe. Huko ndiko utakakojua kama unaipenda kazi au unapenda sare tu.

Ni vizuri wazazi wajue pia upande mzito. Misako mingi ziwani huishia kwa mwili, si kwa mtu hai, na kuukabidhi mwili kwa familia kwa heshima ni sehemu ya kazi. Kijana anaweza kurudi nyumbani akakosa usingizi wiki mbili na asiseme neno. Asiambiwe ajikaze kiume. Kikosi kinachojali watu wake hukaa chini baada ya tukio kama hilo na kulizungumza, na humpeleka kwa mshauri yule anayehitaji. Kabla ya kujiunga na kikundi chochote cha uokoaji, uliza kama wanafanya hivyo.

Mwisho ni suala la pesa. Usajili wa makurutu ni bure. Tangazo halali hutoka magazetini na kwenye tovuti ya shirika lenyewe, likitaja umri, alama za KCSE na stakabadhi. Lisome la mwaka huo, kwa sababu masharti hubadilika. Cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kiombe mapema, maana foleni huwa ndefu tangazo likishatoka. Akitokea mtu, hata kama ni wa ukoo, akakuambia ana nafasi ya kukuuzia au kwamba jina lako linahitaji "kusukumwa", mnyime pesa, hifadhi ujumbe wake na uende nao EACC, tume ya kupambana na ufisadi, au kituo cha polisi.