Maana ya kuhesabu kwa mtoto mdogo

Mpangie mtoto wa miaka mitatu vifuniko vitano vya chupa, umwambie ahesabu. Anaweza kugusa kimoja kimoja, "moja, mbili, tatu, nne, tano," asikosee hata mara moja. Sasa muulize: "Kwa hiyo viko vingapi?" Wengi wa umri huo hawakujibu "vitano". Wanaanza upya: moja, mbili, tatu... Ukiuliza tena wanahesabu tena, na safari hii wanakutazama kwa mshangao, maana ulichotaka si wameshakufanyia?

Mtoto huyo ana wimbo wa namba, na ana kidole kinachojua kutembea na wimbo. Bado hajajua kwamba ile "tano" aliyomalizia si jina la kifuniko cha mwisho. Ni idadi ya vifuniko vyote, cha kwanza kikiwemo. Ndiyo maana mzazi akijisifu kwamba mwanawe anahesabu mpaka ishirini, mimi huwa nauliza: anahesabu nini? Kukariri mpaka ishirini ni kazi ya kumbukumbu, kama kukariri siku za wiki. Ni mwanzo mzuri, ila ni mwanzo tu.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walichambua kinachofanyika mtu anapohesabu. Kila kitu kinapata neno moja, wala hakirukwi wala hakirudiwi. Maneno yanafuata mpangilio uleule kila siku. Neno la mwisho linabeba kundi zima. Waliongeza mambo mawili: kwamba kitu chochote kinahesabika, hata mlio au hatua, na kwamba ukianzia kushoto, kulia au katikati, jibu ni lilelile. Haya mawili ya mwisho kwa vikundi vidogo hayanisumbui sana; mtoto huyapata akicheza.

Hilo la neno moja kwa kitu kimoja ndilo linaloonekana kwa macho likiharibika. Kidole kinakimbia, mdomo unabaki nyuma. Wengine hugawa silabi: "mo" kifuniko hiki, "ja" kile. Vitu vikiwa vimetawanyika au vimepangwa duara, mtoto hajui alipoanzia, basi anazunguka tu. Dawa yake ni nyepesi: asinyooshe kidole, asogeze. Kila kitu anachokitaja akihamishie upande wa pili. Vilivyohesabiwa kule, visivyohesabiwa huku, na mkono hauwezi kukimbia kama kidole.

Lile la neno la mwisho ndilo gumu, na halionekani kwa kumwambia mtoto "hesabu". Linaonekana kwa kumwambia "nipe". Karen Wynn, mtafiti mwingine wa Marekani, alichapisha majaribio ya namna hii mwaka 1990. Watoto waliokuwa wakitaja namba vizuri, wakiombwa idadi fulani ya vitu, walichota tu mkononi bila kuhesabu. Maendeleo yao yana ngazi. Kwanza mtoto anaelewa "moja" peke yake: ukimwomba kimoja anakupa kimoja, ukimwomba zaidi ya hapo anakupa vyovyote vilivyojaa mkononi. Baadaye anaelewa mbili, kisha tatu, na kati ya ngazi na ngazi miezi inaweza kupita. Halafu siku moja mlango unafunguka wote: ukimwomba vitano anahesabu vitano, anasimama, anakupa.

Kwa hiyo anayefundisha aanze na viwili na vitatu, asione haya. Kundi la vitu viwili au vitatu jicho hulikamata lenyewe bila kuhesabu; kwa mtu mzima hata vinne. Hiyo ni nafasi ya pekee, kwa sababu mtoto anaweza kuona idadi na kusikia hesabu ikifika palepale. Sema idadi kwanza, kisha hesabu: "Vijiti vitatu. Moja, mbili, tatu. Vijiti vitatu." Ukihesabu tu bila kutaja kundi, unamwachia mtoto kazi ya kubahatisha "tatu" hiyo inahusu nini.

Kiswahili nacho kina jambo lake hapa. Tunahesabu "mbili", lakini tunasema vijiti viwili, watoto wawili, mawe mawili, miti miwili. Kwa sisi ni namba ileile iliyovaa nguo tofauti. Kwa mtoto inaweza kuwa maneno manne mapya. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, lakini hizo ziko mbele, na makundi tunayoanza nayo ni ya zile zinazobadilika. Ushauri wangu ni kuhesabu kwa "moja, mbili, tatu" kila mara, kisha kufunga kwa jina la kitu: "vifuniko vitatu", kesho "mawe matatu". Yote mawili yatamkwe kwa pumzi moja, masikio yazoee kuyasikia pamoja.

Ukitaka kujua amefika wapi, mwache ahesabu vifuniko vitano, kisha vifunike kwa kitambaa. "Vingapi viko chini?" Yule ambaye bado atakifunua kitambaa ahesabu upya. Aliyeelewa atasema vitano bila kukigusa. Huyo muongezee kimoja, akikuona, ukiingize chini ya kitambaa. Wapo watakaohesabu vidole kuanzia moja. Mwingine atakaa kimya kidogo, akitazama kitambaa, kisha aseme "sita".