Mshono Mpya, Mikono Mingi

Mgonjwa akitolewa chumba cha upasuaji salama, ndugu hushusha pumzi. Kwetu sisi tunaosimamia udhibiti wa maambukizi hospitalini, huo ndio wakati wa kuanza kuangalia mikono. Kule ndani, kila aliyeshika kisu au mshono alisugua mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kuvaa glavu. Wodini mambo ni mengine. Kabla ya jua kuzama mgonjwa ameguswa na muuguzi, daktari, mtu wa maabara, mhudumu anayebadili mashuka, na ndugu waliokuja kumjulia hali.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa wapatao 11 kati ya kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Mmoja wa bakteria wanaosababisha hali hiyo mara nyingi, Staphylococcus aureus, huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima wa afya. Anayemhamishia mgonjwa bakteria huyo mara nyingi hana hata dalili moja.

Kuna jambo ninaloliona mara kwa mara, nalo linaniumiza. Muuguzi amevaa glavu, anamwaga mkojo uliojaa kwenye mfuko, anasogeza kitanda, halafu kwa glavu zilezile anageuka kufungua bandeji ya mgonjwa huyohuyo. Hana nia mbaya. Amevaa glavu, anajiona msafi. Lakini bakteria waliokuwa kwenye mpira wa mkojo sasa wako kwenye mshono, na wala hawakuhitaji kuvuka kitanda. Glavu zivuliwe, mikono isafishwe, ndipo zivaliwe nyingine. Hata kama mikono ilisafishwa wakati wa kumkaribia mgonjwa, kidonda na kanula (mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa kupitishia dawa) vinadai isafishwe upya kabla havijaguswa. Isafishwe pia baada ya kushika majimaji ya mwili, baada ya kumhudumia mgonjwa, na baada ya kugusa kitanda au meza yake. Hilo la mwisho, kwa uzoefu wangu, ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Kitakasa mikono chenye alkoholi kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi: sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe. Usiifute kwenye nguo. Mikono ikionekana kuchafuka, au mgonjwa akiwa anaharisha, tumia maji na sabuni, kwa sekunde 40 hadi 60. Kidole gumba na ncha za vidole ndizo hurukwa, na hizo ndizo zinazogusa kidonda kwanza.

Uongozi wa hospitali nao una wajibu wake. Sinki likiwa mwisho wa korido, kuwagombeza wauguzi hakusaidii. Kitakasa mikono kiwe hapo kando ya kitanda, mkono unapofika.

Ndugu wa mgonjwa, nanyi mmo. Binti anamlisha mama yake, simu inaita, anaipokea, kisha anainua kona ya plasta aone kama kidonda kinakauka. Ni mapenzi matupu, lakini kidole kilichotoka kwenye simu kimefika kwenye mshono. Safisheni mikono mnapoingia na mnapotoka, na bandeji muwaachie wahudumu. Mkiona mtu anataka kugusa kidonda bila kusafisha mikono, mwambieni: "Samahani, naomba usafishe mikono kwanza." Si utovu wa adabu, na mhudumu anayeijua kazi yake hatakasirika.

Maambukizi mengi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshakwenda nyumbani, kwani yanaweza kuchelewa hadi siku 30, na hata 90 kama kuna kifaa kilichoachwa mwilini. Angalia joto na uvimbe kuzunguka mshono, usaha, harufu mbaya, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Usitegemee wekundu peke yake, maana kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Usipake kitu chochote wala kumeza antibayotiki zilizobaki kabatini. Mrudishe mgonjwa hospitali siku hiyohiyo, bandeji ikiwa mahali pake.