Skleroderma ni nini, na je, inapungua kadiri miaka inavyoenda?

Skleroderma ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe, mishipa midogo ya damu inaumia na mwili unatengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia ngozi na viungo vya ndani, kupita kiasi, ndo maana ngozi inakuwa ngumu, inakaza, inang'aa, ukijaribu kuifinya kwenye kidole haishikiki. Hauambukizi, sio ukoma, na hakuna jirani aliyekutupia kitu. Wanawake wanaupata zaidi, mara nyingi kati ya miaka 30 na 50.

Shida ya huku kwetu nyanda za juu ni kwamba dalili ya kwanza inajificha kwenye baridi. Mwezi wa sita na wa saba Makete, Njombe au Uyole nani asiyeganda vidole asubuhi? Kwa hiyo mama akishika maji ya bomba alfajiri, vidole viwili vitatu vikapauka pee, afu vikawa kama bluu, afu vikipata joto vinakuwa vyekundu na vinachoma, ataambiwa zoea tu ndo baridi yetu. Angalia vizuri, mpauko wake unakatika ghafla kama umechorewa mstari, na kwa ngozi nyeusi unauona zaidi kwenye kucha na upande wa kiganja. Hiyo inaitwa hali ya Raynaud, na wengi wenye nayo hawana skleroderma kabisa, ila ikianza ukubwani pamoja na vidole kuvimba, vidonda vya ncha za vidole au kiungulia kisichoisha, nenda kapime.

Sasa inapungua au haipungui? Inategemea unayo ipi. Kuna ya ngozi tu, mofea, inakuja kwa mabaka, na mara nyingi inatulia yenyewe baada ya miaka kadhaa ikiacha alama. Ya mwili mzima iko ya polepole, inayokaa vidoleni na usoni, na Raynaud inaweza kuitangulia miaka mingi. Halafu iko ya kasi, inapanda mpaka mikono ya juu, kifua na tumbo, hii inazidi kukaza miaka ya mwanzo kisha kwa wengi ngozi inaanza kulainika. Daktari anaifuatilia kwa kufinya ngozi sehemu 17, kila sehemu anaipa 0 mpaka 3, akijumlisha juu kabisa ni 51.

Hapo kwenye kulainika ndo watu wanapigwa. Mtu kahangaika miaka mitatu, anapewa mizizi ya kuchemsha, ngozi inalegea, mganga anapata sifa wakati ingelegea tu, na mbaya zaidi mgonjwa anaacha kliniki. Ngozi kulainika haimaanishi ndani kuko sawa, kovu likishaingia kwenye mapafu halirudi nyuma, ndo maana kuna dawa za kutuliza kinga ili lisiendelee.

Na figo. Kwenye ile ya kasi, miaka ya mwanzo presha inaweza kupaa ghafla na figo zikafeli, zamani hiyo ilikuwa inaua wengi mpaka dawa za presha kama kaptoprili zilipokuja. Kwa hiyo pima presha mara kwa mara, na prednisoloni, ile dawa ya steroidi, usijinunulie duka la dawa eti ya kupunguza maumivu, dozi kubwa inaongeza hatari hiyohiyo.

Maisha ya kila siku ni joto, tena joto la mwili mzima sio glovu tu, vaa sweta na kofia, oshea vyombo maji ya uvuguvugu. Nifedipini, ambayo wengi tunaijua kama ya presha, daktari anaweza kukupa kwa ajili ya vidole. Sigara acha. Kiungulia kinataka mlo kidogo kidogo na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. Nyoosha vidole na panua mdomo kila siku, maana mdomo nao unabana mpaka kijiko kinapita kwa shida.

Eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na kipimo cha kupuliza pumzi vinarudiwa hata ukijisikia freshi, kwa hiyo majibu ya mwaka jana usiyaache nyumbani, daktari anayalinganisha na ya sasa kujua kama mapafu yanashuka.