Je, wajua kwa nini chanjo ya saratani hupakiwa kwenye utando wa bakteria?

Mtu akichomwa na mwiba mchafu mguuni, hazipiti siku nyingi kabla kidonda hakijavimba na kupata moto, na mtoki haujajitokeza kwenye kinena. Hiyo yote ni kazi ya kinga ya mwili, ambayo imewatambua bakteria walioingia na mwiba na kuwakusanya askari wake. Mtu huyohuyo anaweza kuwa na uvimbe wa saratani unaokua kimyakimya kwa miaka, bila homa wala mtoki. Tofauti ni kwamba bakteria ni mgeni, ilhali saratani ni seli zetu wenyewe zilizoharibika, kikulacho ki nguoni mwako, na kinga imefunzwa tangu awali kutowagusa wenyeji.

Ili kinga ishambulie, chanjo inapaswa kuipa vitu viwili: alama ya kumtambulisha adui, na kengele ya hatari. Alama si tatizo kubwa siku hizi, kwa kuwa vipande vya protini vinavyopatikana kwenye seli za saratani vinaweza kutengenezwa maabara. Vikidungwa peke yake, hata hivyo, seli za dendriti, ambazo kazi yake ni kuokota vitu vilivyomo mwilini na kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga wanaoshambulia, huviokota bila kuona sababu ya kupiga mbiu, na kinga ikazidi kuvizoea. Kengele yenyewe hupatikana kwa bakteria. Wale wenye tando mbili, kama E. coli, wamefunikwa kwa nje na mchanganyiko wa mafuta na sukari uitwao lipopolisakaridi, na mwaka 1998 maabara ya Bruce Beutler nchini Marekani ilionyesha kwamba seli zetu zina kipokezi mahususi, TLR4, cha kuunusa mchanganyiko huo. Kazi hiyo ilimpatia Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011, tuzo ambayo sehemu yake nyingine ilimwendea Ralph Steinman, mgunduzi wa seli za dendriti.

Madaktari walizitumia kengele za bakteria kabla hawajajua zinavyolia. Mwaka 1891, daktari mpasuaji wa New York aitwaye William Coley alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani bakteria hai aina ya Streptococcus pyogenes, baada ya kukuta kwenye kumbukumbu za hospitali habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake wa shingoni ulitoweka alipougua erisipela, maambukizi ya ngozi yanayoletwa na bakteria hao. Baadhi ya wagonjwa wake walipona, wengine waliuawa na maambukizi, naye akageukia mchanganyiko wa bakteria waliokwisha kufa. Mwaka 1976 Alvaro Morales, nchini Kanada, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo kwa kuwatilia kibofuni, kupitia mpira wa mkojo, BCG, yaani chanjo ileile ya kifua kikuu ambayo watoto wetu hudungwa wakizaliwa na kuwaachia kovu mkononi. Tiba hiyo inatumika hadi leo, lakini inachofanya ni kupiga kengele tu, haionyeshi mlengwa.

Kuviunganisha vyote viwili ndiko kunakotafutwa sasa, na chombo kinachovutia zaidi kwa maoni yangu ni kitu ambacho bakteria hukitupa. E. coli anapokua, utando wake wa nje hututumka hapa na pale, kisha kipande kikajifunga na kuchomoka kama povu la sabuni. Kifuko hicho kina upana wa kati ya nanomita 20 na 250 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Kina ngozi ya bakteria pamoja na kengele zake zote, lakini hakiwezi kuzaana wala kuambukiza, na udogo wake hukiwezesha kusafiri kwenye mishipa ya limfu hadi kwenye mitoki, mahali ambapo seli T zimejazana zikisubiri kuonyeshwa adui.

Kinachobaki ni kubandika alama za saratani juu ya kifuko. Mwaka 2021 watafiti wa Beijing walichapisha njia ya kufanya hivyo: walimfanya E. coli atengeneze protini ya utando iitwayo ClyA ikiwa imeunganishwa na kishikizo, kisha kipande chochote cha protini ya uvimbe chenye kishikizo kinachooana nacho kikachanganywa na vifuko hivyo, na viwili hivyo vikajifunga vyenyewe. Panya waliopewa chanjo hiyo walizuia saratani ya ngozi isisambae mapafuni. Vishikizo hivyo viliundwa Oxford na kutangazwa mwaka 2012, kutokana na protini ya Streptococcus pyogenes, bakteria yuleyule wa Coley, ambaye sasa amerudi akiwa gundi.

Hatari iko palepale penye faida. Lipopolisakaridi ikizidi huleta homa kali, hushusha shinikizo la damu na inaweza kuua, kwa hiyo watafiti huiondoa jeni moja ya bakteria, msbB, ili mafuta yake yapungue mnyororo mmoja na kengele ilie kwa sauti ya chini. Vifuko vyenyewe si vigeni kwa binadamu, kwani chanjo ya homa ya uti wa mgongo iitwayo Bexsero, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2013, ina vifuko vya bakteria wa ugonjwa huo. Cervarix nayo, chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, imetiwa mafuta ya bakteria wa jamii ya Salmonella yaliyopunguzwa ukali. Kwa vifuko vilivyobandikwa alama za uvimbe, matokeo mengi bado ni ya panya, na panya huistahimili lipopolisakaridi kuliko binadamu kwa kiwango kikubwa mno, kiasi kwamba dozi ambayo yeye huiamkia salama kesho yake ingeweza kumlaza mtu mahututi.