Kumbukumbu pepe: kompyuta inaposema imejaa na diski bado ina nafasi

Mtu akikuletea kompyuta ya mezani ya zamani na kukuambia "imejaa", muulize imejaa wapi. Pale steshenari ninapofanyia kazi, Moshi mjini, tuna moja yenye Windows 7 na RAM ya GB 2. Msimu wa kuchapa mitihani ya shule ukifika, ilikuwa ikileta ujumbe kwamba memori imepungua, hifadhi kazi yako ufunge programu. Kila aliyeuona alianza kufuta picha na nyimbo, wakati diski ilikuwa na nafasi tele.

RAM ni mahali programu inapotandaza vitu vyake ikiwa kazini. Umeme ukikatika, vyote vinapotea. Diski ni pa kutunzia. Kumbukumbu pepe ni ujanja wa kuviunganisha hivi viwili: RAM ikibanwa, Windows inachukua vipande ambavyo havijaguswa kwa muda, inavihamishia kwenye faili kubwa lililofichwa ndani ya diski, liitwalo pagefile.sys, kisha inavirudisha vikihitajika. Programu yenyewe haina habari. Ujanja huu ni wa zamani: kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ilikuwa nao mwaka 1962.

Nenda Soko la Memorial ukamtazame muuza viatu vya mitumba. Turubai lake lina jozi chache, nyingine ziko stoo. Ukitaka namba 42 na haipo, kijana anakimbia stoo, anarudi nayo, na ili ipate nafasi anaondoa jozi ambayo hakuna aliyeiulizia tangu asubuhi. Kwa wateja wawili watatu biashara inaenda. Wakija kumi kwa mpigo, kila mmoja na namba yake, kijana anashinda njiani na hakuna kinachouzwa. Ndiyo ile hali ya taa ya diski kuwaka mfululizo, mashine ikikoroma, mshale wa mausi umeganda.

Tena mfano huu unaipendelea diski. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, diski ya kuzunguka kwa kama milisekunde 10, yaani tofauti ya mara 100,000. Ikiwa kuokota kiatu turubaini ni sekunde moja, basi stoo iko Dar es Salaam na kijana anakwenda na kurudi kwa basi.

Ujumbe wa kosa huja pale RAM na faili lile vinapofika kikomo vyote viwili. Kwanza tafuta anayekula. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifunguke dirisha la Task Manager lenye orodha ya programu zilizo kazini, uzipange kwa memori zinayotumia. Mara nyingi utakuta kivinjari chenye tabo ishirini, au antivairasi mbili zinazogombana. Ukiona programu ambayo namba yake inapanda tu hata hujaigusa, hiyo inavuja: inachukua memori na hairudishi. Ifunge, na ukiweza iondoe, maana hata ukiongeza RAM itaimeza.

Kwetu tatizo lilikuwa kwenye faili lenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings ya Performance, halafu Advanced tena. Hapo ndipo ukubwa wake unapopangwa. Aliyeihudumia mashine kabla yetu alikuwa amelifunga kwenye MB 512, labda akidhani anaokoa diski. Niliiachia Windows ijipangie, nikaizima na kuiwasha, ujumbe ukakoma. (Wapo wanaoshauri kuzima kabisa faili hili ili kompyuta iwe na kasi. Kwa mashine ya GB 2, usithubutu.) Kufuta picha kunasaidia pale tu diski C imejaa kweli na faili limekosa pa kukulia.

Ujumbe ulikoma, lakini uzito ukabaki, kwa sababu kijana bado alikuwa anapanda basi. Mafundi wengi hapa wangekimbilia kupiga Windows upya. Mashine inachangamka wiki moja, kisha inarudi palepale. Dawa ni RAM. Kabla ya kununua, angalia kama iliyopo inasomwa yote, maana vumbi la kwetu linaweza kuifanya mashine yenye vipande viwili vya RAM isome kimoja. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, safisha meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, uirudishe hadi vibanio viitikie.

Kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4, kwa hiyo usilipie zaidi ya hapo. Na RAM zina aina: ya DDR2 haiingii kwenye tundu la DDR3; nenda dukani ukiwa na ile ya zamani mkononi.