Mabadiliko shuleni: yanayosemwa na yaliyopo

Kenya ilipouacha mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), uliodumu tangu 1985, na kuingia mtaala wa umilisi (CBC), unaotazama anachoweza kufanya mwanafunzi, lawama nyingi ziliwaangukia walimu na walimu wakuu. Nyingi ni za kuwaonea.

Dhana: Mwalimu anayepinga mabadiliko ni mvivu.

Ukweli: Wavivu wapo, ila wachache. Januari 2023 Gredi ya 7, darasa la kwanza la sekondari msingi, iliwekwa katika shule za msingi, na walimu wake wengi wakaajiriwa na TSC (tume ya kuajiri walimu) kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ingawa ualimu wameusomea. Aliyesomea kemia na biolojia akapewa na kilimo na hisabati juu yake, katika shule isiyo na maabara. Aprili 2024 mahakama ya ajira iliamua kwamba mpango huo wa uanagenzi haukuwa halali, na muhula uliofuata wakagoma. Hapo pana chuki gani dhidi ya mtaala?

Mwalimu mkuu anayewaita walimu kama hao wakaidi hujifungia mlango. Kikaoni wote huitikia "ndiyo", madaftari ya tathmini hujazwa vizuri kwa ajili ya mkaguzi, kisha darasani somo hufundishwa kama zamani. Kimya hicho kinanitisha kuliko mgomo, maana mgomo angalau husema tatizo liko wapi.

Dhana: Mwalimu mkuu ana mamlaka, akaze tu msimamo.

Ukweli: Walimu huajiriwa na TSC, mtaala huandaliwa na KICD (taasisi ya mitaala), mitihani ya kitaifa ni ya KNEC (baraza la mitihani), na mgao wa serikali mara nyingi huchelewa. Kwenye sekondari msingi hata uongozi wenyewe una mvutano: walimu wanadai shule zao zijitegemee, zisiwe chini ya mkuu wa shule ya msingi. Kilichobaki mikononi mwa mwalimu mkuu ni ratiba, vikao na kuaminika kwake.

Dhana: Semina moja inatosha.

Ukweli: Haitoshi. Mwalimu huiva akifundisha huku mwenzake akimtazama, kisha wakazungumza.

Dhana: Wazazi watazoea.

Ukweli: Mzazi anayeambiwa saa mbili usiku kwamba kesho zinatakiwa karatasi za manila na picha zilizochapishwa saiba (duka la kompyuta), hazoei, anakasirika, na ana haki. Mahitaji ya muhula yasomwe katika mkutano wa wazazi kabla ya shule kufunguliwa, na yasiyonunulika kijijini yaondolewe papo hapo.