Ukielemewa, anza na kile ulichokiacha

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliingia chumba chetu cha ushauri Jumatatu asubuhi akiwa na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na majibu ya vipimo vya miezi minne. Malaria mara tatu, hakuna. Taifodi, hakuna. Presha siku moja ilipanda kidogo, siku nyingine iko sawa. Kipimo cha moyo hakikuonyesha tatizo. "Daktari," akaniambia, "moyo unaenda mbio, utosini kunawaka moto, usingizi sina. Kila ninapokwenda naambiwa siumwi."

Nikamuuliza swali ninalowauliza wengi: jana ulikula nini? Akanyamaza. Alikumbuka wali maharage aliowapikia watoto. Alikumbuka mtori wa mama yake aliyepata kiharusi, hata kwamba aliacha nusu bakuli. Chakula chake mwenyewe hakikumjia. Juu ya meza simu yake ilikuwa inatetemeka kila baada ya muda mfupi. Lilikuwa kundi la mchango wa harusi ya binti wa shemeji yake, mhazini anakumbusha ahadi.

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka kwa watu kadhaa tuliowahudumia, ili asitambulike mtu. Lakini hakuna wiki inayopita bila mtu wa namna hii kukaa kwenye kiti kile. Ni nadra atamke "msongo wa mawazo". Atasema mwili wote unauma, kichwa kizito, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Na ukimwambia haumwi unamkosea, kwa sababu mwili wake unafanya kazi ya ziada kweli.

Chukua mfano wa kuvuka barabara. Bodaboda ikikupita puani, moyo unadunda, mikono inatetemeka, mdomo unakauka. Hapo tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimemwaga homoni ya adrenalini kwenye damu kwa amri ya ubongo, kisha ikafuata homoni nyingine ya msongo, kotisoli. Moyo umeongeza kasi, ini limetoa sukari ili misuli ipate nguvu ya kuruka, na tumbo limepunguza kusaga chakula kwa sababu kwa wakati ule si kazi ya haraka. Bodaboda ikishapita, baada ya dakika kadhaa kila kitu kinarudi mahali pake.

Sasa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, haupiti kama bodaboda. Unalala nao, unaamka nao. Ada ya Januari, mgonjwa wa kiharusi wa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, darasa lililofurika, mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: vyote vinabonyeza kengele ileile ya hatari mwilini. Kengele ikilia miezi, ndiyo huko moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu, tumbo kujaa gesi, shingo kukaza, na kumfokea mtoto kwa kikombe kilichovunjika halafu ukabaki kulia jikoni.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya mtu kuchakazwa na kazi katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa. Halikuiita ugonjwa. Liliieleza kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo: mtu anaishiwa nguvu, anajitenga kimawazo na kazi yake, na ufanisi unashuka. Maelezo hayo yanahusu kazi za ajira. Mimi ningetamani yamguse na binti anayemuuguza baba yake nyumbani bila mshahara wala likizo, kwa sababu ninayoyaona kwake hayatofautiani na ya mhudumu wa wodi aliyekesha zamu tano.

Jambo ninalotaka lieleweke leo ni hili. Mtu akielemewa, kuna vitu hupunguza ili apate nafasi, na karibu kila mara hupunguza vilivyo vyake. Hapunguzi mchango wa harusi. Hapunguzi kujibu simu za kazini saa nne usiku. Anapunguza usingizi, anaruka mlo, anaacha kupita kwa rafiki yake Jumapili, anaacha kwaya au darsa, anaacha kutembea. Vinaonekana ni vitu vya anasa, vitasubiri mambo yakae sawa. Kumbe ndivyo vilivyokuwa vinaizima kengele kila siku. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, simpi orodha mpya ya kufanya, maana orodha anayo tayari na ndiyo inayomuua. Namuuliza ameacha nini.

Usingizi kwanza

Wengi wameacha usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku. Najua kwamba anayeishi Mbagala na kufanya kazi Mwenge, akiamka saa kumi alfajiri kuwahi gari, saa saba hizo ni hesabu ngumu. Siwezi kumuongezea saa. Ninachoweza ni kumsaidia asipoteze zile chache alizonazo.

Anza na chai. Chai ya majani ina kafeini, kile kichangamsho cha kahawa, ingawa kwa kikombe ni kidogo kuliko cha kahawa, na kwa mtu mzima wa kawaida mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa. Kikombe cha chai ya rangi nzito cha saa mbili usiku, nusu yake bado inazunguka kwenye damu saa saba usiku. Yule mwalimu alikuwa anakunywa vikombe viwili akisahihisha madaftari, halafu anashangaa kwa nini anahesabu mabati. Nilimwomba abaki na kikombe chake, abadilishe kilichomo tu: mchaichai au tangawizi bila majani. Vijana wa bodaboda na madereva wa malori nawaambia hivyohivyo kuhusu vinywaji vya kuongeza nguvu. Na pombe, ambayo wengi huitumia kama dawa ya usingizi, inakulaza upesi kweli, lakini inauvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, ndiyo maana mtu anashtuka saa tisa na mawazo yote yamekaa kitandani yanamsubiri.

Kisha yale mawazo yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha utafiti waliofanya kwa vijana 57 waliolala maabara. Kabla ya kulala, nusu yao waliandika kwa dakika tano mambo wanayopaswa kuyafanya siku zinazofuata, na nusu wakaandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika yanayowasubiri walipata usingizi mapema zaidi, na walioandika kwa undani zaidi ndio waliowahi. Ni utafiti mdogo, lakini unalingana na ninayoyaona. Kichwa kinachoogopa kusahau hakilali. Chukua daftari la shilingi mia tano, andika: kesho dawa za mama, kumpigia fundi, kumwambia mkuu wa shule kuhusu Ijumaa. Funga daftari, acha simu chumba kingine au angalau mbali na mto. Ukiamka usiku na jambo jipya, liandike, urudi kulala.

Chakula na pumzi

Kuhusu chakula sitasema mengi, maana kila mtu anajua matunda na mboga. Ninachosisitiza ni kula kabla mchana haujafika, na kula umekaa. Anayekunywa chai kavu saa kumi na moja alfajiri na kusubiri mpaka saa tisa alasiri atatetemeka, kichwa kitamuuma na hasira zitakuwa karibu, halafu ataamini ni mawazo tu. Kiporo cha viazi, yai, muhogo, uji wa ulezi, chochote kilichopo kinatosha.

Pumzi nitaieleza kwa sababu wengi wanaielewa kinyume. Mtu akihangaika anaambiwa "vuta pumzi", naye anavuta, anavuta tena, kifua kinajaa na kizunguzungu kinamshika. Kinachotuliza zaidi ni kutoa. Unapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo yanapungua kidogo, unapovuta, yanaongezeka. Basi vuta kwa pua ukihesabu hadi nne bila kujaza kifua, halafu toa kwa mdomo polepole hadi sita, kama unapuliza uji wa moto usimwagike. Hiyo inakupa pumzi sita kwa dakika. Dakika tatu zinatosha, ukiwa kwenye daladala, chooni, au kabla ya kufungua mlango wa nyumba ukitoka kazini. Usingoje siku umezidiwa ndiyo ujaribu. Fanya siku za kawaida, mwili uzoee njia.

Wanaoswali swala tano wana nafasi tano kwa siku ambazo tayari zimekatwa kutoka kwenye kazi, na kila dini ina nyakati zake za utulivu. Siku hizi watu wanaswali mbiombio simu iko mfukoni inatetemeka. Ukiwa umeelemewa, hiyo ni moja ya sehemu za kurudi. Kaa pale dakika mbili zaidi.

Watu

Kitu kinachoachwa kimyakimya kuliko vyote ni watu. Aliyeelemewa anajificha. Anaona aibu kupokea simu kwa sababu anadaiwa, au hataki kuonekana hana furaha, au amechoka tu.

Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani, wahudumu wa afya ya jamii, kukaa na watu wenye mawazo kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona wana neno la hali hiyo, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Bibi hakuja na dawa wala maneno makubwa. Anasikiliza, anamwacha mtu ataje matatizo yote, kisha wanachagua moja tu, lile linaloshikika, wanalitafutia hatua ya kuanzia. Hatua hiyo ya mwanzo wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba miezi sita baadaye waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Nasi tunao watu hao. Shangazi, jirani wa miaka mingi, mama mlezi wa kikundi, mzee wa jumuiya. Chagua mmoja anayejua kutunza maneno. Usiende kumwambia "nina stresi" tu, mtajie vitu kwa majina yake: nadaiwa laki nne, mama anakojoa kitandani na mimi peke yangu ndiye nambadilisha, nimemkasirikia mume wangu tangu Ijumaa. Kisha mchague kimoja.

Hapo ndipo linapokuja suala la kukataa. Kwetu kukataa mchango ni jambo zito, na sitaki kulichukulia juujuu. Michango hiyo ndiyo itakayotuzika wewe na mimi. Lakini kuna kukataa kwenye heshima, na ni bora kuliko kunyamaza huku deni likikua kichwani. Yule mwalimu tuliandika naye ujumbe hapohapo mezani, akaufuta mara tatu kabla ya kuutuma: "Shemeji shikamoo. Mchango nilioahidi nimeshindwa, mama anaumwa na dawa zimekula akiba. Nitatoa elfu kumi, na siku ya shughuli nitakuja mapema nisaidie jikoni." Jibu lilikuja kabla hajasimama: "Marahaba mwanangu, ungesema mapema. Pole sana. Mama anaendeleaje?"

Ikiwa hayo hayatoshi

Niseme wazi kwamba uji na mchaichai havilipi deni. Anayelipwa mshahara usiotosha, anayepigwa nyumbani, anayenyonywa na mkopeshaji, tatizo lake haliko kwenye mazoea yake ya kulala, na mtaalamu anayemwambia apumue tu hajamtendea haki. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya yupo kwa ajili ya baadhi ya hayo, dawati la jinsia la polisi lipo, msaada wa kisheria upo. Mazoea haya yanampa mtu nguvu ya kufika kwenye milango hiyo na kuongea akiwa na akili iliyotulia.

Na kuna wakati imekwisha kuvuka kuelemewa. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kushindwa kuamka kwenda kazini, kujiona huna thamani, kunywa kila siku ili usihisi: hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au vyote viwili. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, waambie wazi kwamba ni mawazo, usitaje kichwa peke yake. Ukiwaza kufa au kujidhuru, usilale na wazo hilo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu aliye nyumbani, na aje nawe hospitali siku hiyohiyo. Nawe uliyeambiwa, usimhubirie. Kaa naye, ondoa sumu na dawa zilizo karibu, msindikize.

Mwalimu alirudi baada ya wiki sita. Mama yake bado yuko kitandani na deni bado lipo, ingawa wifi yake sasa anakuja Jumamosi kumshika mgonjwa mpaka adhuhuri. Moyo unamwenda mbio siku mojamoja. Bahasha ya kaki hakuja nayo. Nikamuuliza tena jana alikula nini. Uji wa ulezi na kipande cha muhogo, akajibu, kabla watoto hawajaamka, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, simu ameiacha ndani.